Divai nyekundu ya Italia: namna ya kusoma etiketi kabla ya kutoa pesa

Mwezi Machi 1986, watu walianza kufa kaskazini mwa Italia baada ya kunywa divai ya kawaida, ile ya bei rahisi ambayo familia nyingi ziliweka mezani kila siku. Uchunguzi ulionyesha kwamba divai hiyo ilikuwa imechanganywa na methanoli, pombe ya viwandani ambayo mwili wa binadamu huigeuza kuwa sumu inayoharibu mishipa ya macho. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Wengine waliponea kifo lakini wakabaki vipofu.

Waliohusika walikuwa wafanyabiashara waliotaka kuipa nguvu divai dhaifu bila kulipa gharama yake. Sheria ya Italia inakataza kuongeza sukari katika divai ili kupandisha kiwango cha pombe, na zabibu nzuri zina bei yake. Methanoli ikawa njia ya mkato. Katika muda wa wiki chache, nchi kadhaa zilizuia shehena za divai kutoka Italia, na wakulima ambao hawakuwa na kosa lolote walibaki na maghala yaliyojaa.

Tangu wakati huo, sekta nzima ililazimika kutafuta upya imani ya wanunuzi. Mwaka wa 1992 Italia ilipitisha sheria mpya, namba 164, iliyopanga upya majina ya divai na masharti ya kuyatumia. Maneno mengi yanayojaza etiketi ya chupa ya Italia leo, na ambayo mnunuzi huyapita bila kuyasoma, yanatokana na sheria hiyo na zile zilizoitangulia. Maneno hayo hayakuwekwa kwa ajili ya urembo. Yanamwambia mnunuzi zabibu zilitoka wapi, ni za aina gani, na divai ilitunzwa kwa muda gani kabla ya kuuzwa. Anayejua kuyasoma anaweza kukadiria gharama ambayo mtengenezaji hakuweza kuikwepa, na hivyo kujua kama bei iliyoandikwa dukani ni ya kweli.

Ngazi nne za majina

Msomaji aliyezoea divai za Ufaransa anazijua herufi AOC, zinazoonyesha kwamba divai imetoka katika eneo fulani na kufuata masharti ya eneo hilo. Italia ilianzisha mfumo wa aina hiyo mwaka wa 1963, ukaitwa DOC. Kila DOC ina kanuni zake zilizoandikwa: mipaka ya eneo, aina za zabibu zinazoruhusiwa, kiasi cha mavuno kwa hekta, kiwango cha chini cha pombe, na muda wa kutunza divai.

Juu ya DOC kuna DOCG, ambayo herufi yake ya mwisho inamaanisha kwamba jina limedhaminiwa. Divai za kwanza kupata ngazi hiyo, mwaka wa 1980, zilikuwa nyekundu: Barolo na Barbaresco za Piemonte, pamoja na Brunello di Montalcino na Vino Nobile di Montepulciano za Toscana. Divai ya DOCG hupimwa maabara na kuonjwa na kamati kabla ya kuruhusiwa kuuzwa, kisha chupa hubandikwa ukanda wa karatasi wenye namba, unaochapishwa na kiwanda cha serikali. Leo Italia ina DOCG zaidi ya 70 na DOC zaidi ya 300.

Chini ya DOC kuna IGT, ngazi iliyoanzishwa na sheria ya mwaka wa 1992. Hii inataja eneo kubwa zaidi, kwa mfano Toscana nzima, na inampa mtengenezaji uhuru wa kuchagua zabibu. Ngazi ya mwisho ni ile inayoandikwa tu "vino rosso", yaani divai nyekundu, bila jina la eneo maalum.

Hata hivyo, ngazi hizi si mashindano ya utamu. Mfano unaojulikana zaidi ni Sassicaia, divai ya Bolgheri, karibu na pwani ya Toscana. Mwenye shamba, Mario Incisa della Rocchetta, alipanda Cabernet Sauvignon, zabibu ya Kifaransa, na divai ya mavuno ya 1968 ikawa ya kwanza kuuzwa sokoni. Kanuni za wakati ule hazikuwa na nafasi kwa divai nyekundu ya namna hiyo, kwa hiyo ilibeba jina la divai ya meza, ngazi ya chini kabisa, huku ikiuzwa kwa bei kubwa na kusifiwa na waonjaji wa nchi nyingi. Bolgheri Sassicaia ilipata DOC mwaka wa 1994 tu. Etiketi inadhamini asili na utaratibu. Kama divai itampendeza mnywaji, hilo ni jambo jingine.

Jina la zabibu au jina la mahali?

Kinachowachanganya wanunuzi wengi ni kwamba chupa moja inaitwa kwa jina la zabibu, na nyingine kwa jina la kijiji. Barbera ni zabibu. Barolo ni kijiji, na divai yake inatengenezwa kwa zabibu iitwayo Nebbiolo, ambayo mara nyingi haitajwi kabisa kwenye etiketi ya mbele. Chianti ni eneo la vilima, na zabibu yake kuu ni Sangiovese.

Mtego mkubwa zaidi ni neno Montepulciano. Vino Nobile di Montepulciano ni divai ya mji wa Montepulciano huko Toscana, na msingi wake ni Sangiovese. Montepulciano d'Abruzzo ni divai ya jimbo la Abruzzo, upande wa bahari ya Adriatiki, na inatengenezwa kwa zabibu inayoitwa Montepulciano, kwa kiwango kisichopungua asilimia 85. Ni zabibu mbili tofauti, majimbo mawili tofauti, na kwa kawaida bei mbili tofauti. Anayelipa bei ya divai ya kwanza na kupewa ya pili amelipa kwa ajili ya jina tu.

Kuna pia maneno madogo yenye maana kubwa. "Classico" inaonyesha sehemu ya zamani, kiini cha eneo kabla halijapanuliwa. "Riserva" inamaanisha divai ilitunzwa muda mrefu kuliko ile ya kawaida ya jina hilohilo. "Superiore" mara nyingi inaonyesha kiwango cha pombe kilicho juu kidogo. "Annata" au "vendemmia" ni mwaka wa mavuno. Anayejua Kifaransa atatambua kwa urahisi "secco", divai isiyo na sukari, na "dolce", divai tamu. Kati ya hizo mbili kuna "amabile", yenye utamu kiasi.

Uchachu, ukakasi na uzito

Ili kuchagua bila kukariri mamia ya majina, mnunuzi anaweza kujiuliza mambo matatu. La kwanza ni uchachu, ule unaofanya mate yatoke mdomoni kama mtu aliyeonja limau. La pili ni ukakasi, unaotokana na tanini za maganda ya zabibu na wakati mwingine mbao za pipa. Ni ile hali ya ulimi na fizi kukauka baada ya kunywa chai kali isiyo na sukari. La tatu ni uzito, yaani jinsi divai inavyojaza mdomo, ambao kwa kawaida huongezeka pamoja na kiwango cha pombe.

Nebbiolo ya Piemonte ina uchachu mwingi na ukakasi mwingi, ingawa rangi yake ni hafifu. Anayeona wekundu uliofifia kwenye glasi hufikiri kwamba divai ni nyepesi, kisha anashangaa ulimi ukikauka. Ndiyo sababu Barolo husubiri. Kanuni zinataka itunzwe miezi isiyopungua 38 kuanzia tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mbao. Barbaresco, jirani yake, inahitaji miezi 26.

Katika vilima hivyohivyo vya Piemonte kuna zabibu mbili ambazo wakaaji wenyewe hunywa kwa chakula cha kila siku. Barbera ina uchachu mwingi lakini ukakasi mdogo, na inafaa kwa vyakula vyenye mafuta. Dolcetto, licha ya jina lake linalofanana na neno la utamu, ni divai kavu, yenye uchachu mdogo, na hunywewa ikiwa changa.

Sangiovese ya Toscana iko katikati: uchachu unaosikika, ukakasi wa kiasi, harufu ya matunda ya cheri na majani makavu. Ndiyo zabibu ya Chianti, ambayo inalazimika kuwa nayo kwa asilimia 70 au zaidi. Chianti Classico, inayotoka katika vilima kati ya Florence na Siena, inadai angalau asilimia 80, na chupa zake hubeba alama ya jogoo mweusi. Eneo hilo lina historia ndefu: mwaka wa 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III, alitoa amri iliyoweka mipaka ya Chianti, miongoni mwa hatua za kwanza duniani za kulinda jina la divai kisheria. Brunello di Montalcino inatumia Sangiovese peke yake, bila kuchanganya, na haiuzwi kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno.

Kaskazini mashariki, karibu na mji wa Verona, zabibu ya Corvina na nyingine kama Rondinella hutoa mitindo kadhaa. Valpolicella ya kawaida ni nyepesi na ya kunywewa mapema. Amarone ni kinyume chake: baada ya kuvunwa, zabibu huanikwa ndani ya maghala yenye hewa kwa miezi mitatu hivi, zikipoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake kabla ya kukamuliwa. Sukari inayobaki imejikusanya huchachuka karibu yote, na divai hufikia asilimia 15 ya pombe au zaidi. Kati yao kuna Ripasso, Valpolicella inayopitishwa juu ya makapi ya Amarone ili kupata rangi na nguvu.

Kusini, jua ni kali na divai huwa laini na nzito zaidi. Primitivo ya Puglia ina ladha ya matunda yaliyoiva sana. Uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba ni zabibu ileile ambayo Wamarekani wanaiita Zinfandel, na asili yake iko Kroatia. Nero d'Avola ya Sicilia nayo ina matunda mengi na ukakasi usiosumbua. Lakini kusini si joto tu. Kwenye miteremko ya volkano ya Etna, mashamba ya Nerello Mascalese hupanda hadi karibu mita 1000 juu ya bahari, na divai yake ni ya rangi hafifu na yenye uchachu, karibu kama ile ya Piemonte. Katika Campania, Aglianico hutoa Taurasi, divai yenye ukakasi mkali ambayo lazima isubiri miaka mitatu.

Anayetaka kitu tofauti kabisa atakuta Lambrusco ya Emilia, divai nyekundu yenye mapovu, inayonywewa baridi pamoja na nyama za chumvi.

Udanganyifu haujaisha

Sheria za mwaka wa 1992 hazikumaliza tamaa. Mwaka wa 2008, waendesha mashtaka wa Siena walichunguza watengenezaji kadhaa wa Brunello walioshukiwa kuchanganya zabibu nyingine ndani ya divai inayopaswa kuwa Sangiovese tupu. Hakuna aliyeugua, lakini Marekani, soko kubwa la Brunello, ilitishia kuzuia chupa zisizo na uthibitisho wa maabara. Mwaka wa 2011, pendekezo la kuruhusu mchanganyiko katika Rosso di Montalcino, divai ndogo ya eneo hilohilo, lilipigiwa kura na watengenezaji wenyewe. Wengi walilikataa.

Mwezi Oktoba 2020, polisi wa fedha wa Florence walitangaza kwamba wamegundua mtandao uliokuwa ukitengeneza Sassicaia bandia. Divai ya ndani ilitoka Sicilia, chupa zilitoka Uturuki, na etiketi, vizibo na masanduku vilitoka Bulgaria. Zilitolewa kwa bei iliyo chini sana ya ile ya kweli, na bei hiyo ndiyo iliyowavutia wateja.

Visa hivyo viwili, pamoja na kile cha 1986, vinafanana katika jambo moja: mtu alitaka kuuza bila kulipa gharama ambayo jina la divai linadai. Na gharama hiyo mnunuzi anaweza kuikadiria mwenyewe.

Hesabu ya mnunuzi

Kwa Barolo, mtengenezaji amefunga pesa zake ndani ya pipa na ghala kwa zaidi ya miaka mitatu, na zabibu zake zinaweza kutoka katika vijiji 11 tu. Kwa Amarone, kila chupa imemeza zabibu nyingi kuliko divai ya kawaida, kwa sababu maji yake yameachwa yakauke. Kwa Brunello, hakuna pesa inayorudi hadi mwaka wa tano. Hakuna njia halali ya kuuza divai hizo kwa bei ya divai ya meza. Chupa yenye mojawapo ya majina hayo na bei ndogo mno ni chupa ya kuulizia maswali.

Mwaka wa mavuno nao unasaidia. Barolo ya mavuno ya 2020 haikuweza kuingia sokoni kabla ya Januari 2024, na Brunello ya mwaka huohuo haikuruhusiwa kabla ya Januari 2025. Mnunuzi akikuta Brunello ambayo Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno yake haijafika, hahitaji kuwa mtaalamu ili airudishe rafuni.

Kinyume chake pia ni kweli. Yapo majina yanayodai gharama ndogo, na hapo mwenye pesa kidogo anaweza kupata divai nzuri ya haki. Anayependa mtindo wa Brunello lakini hawezi kuilipia anaweza kuchukua Rosso di Montalcino, Sangiovese tupu ya vilima vilevile, inayouzwa kuanzia Septemba ya mwaka unaofuata mavuno. Anayetamani Nebbiolo anaweza kutafuta Langhe Nebbiolo, inayotoka eneo kubwa zaidi na kusubiri muda mfupi kuliko Barolo. Badala ya Amarone kuna Ripasso. Montepulciano d'Abruzzo, Barbera na Nero d'Avola mara nyingi hutoa divai nzuri kwa bei ya kawaida, bila haja ya jina kubwa kwenye chupa.

Baada ya bei, chakula ndicho kinachoamua. Ukakasi hupungua mbele ya nyama yenye mafuta na protini. Ndiyo maana watu wa Toscana hunywa Sangiovese na kipande kinene cha nyama ya ng'ombe iliyochomwa, na watu wa Piemonte hunywa Barolo na nyama iliyopikwa polepole ndani ya divai. Kwa mchuzi wa nyanya, ambao wenyewe una uchachu, divai inapaswa kuwa na uchachu pia: Barbera au Chianti hufaa, na divai isiyo na uchachu huonekana imepooza. Pilipili nyingi huongeza ukali wa tanini na joto la pombe. Kwa meza yenye pilipili, Dolcetto, Valpolicella ya kawaida au Lambrusco yenye utamu kidogo ni salama kuliko Taurasi au Amarone. Kwa mbuzi wa kuchoma asiye na pilipili kali, Montepulciano d'Abruzzo au Aglianico haitapotea.

Jambo la mwisho ni joto. Ushauri wa kunywa divai nyekundu katika joto la chumba ulitoka Ulaya, katika nyumba zenye ubaridi. Divai nyingi nyekundu hupendeza kati ya nyuzi 16 na 18, na zile nyepesi chini kidogo ya hapo. Katika mji wenye joto kama Kisangani au Kalemie, chupa iliyokaa juu ya meza itanuka pombe kabla ya kunuka zabibu. Nusu saa ndani ya frigo inatosha kuirekebisha.

Dukani, basi, ukaguzi wenyewe hauchukui dakika mbili. Mnunuzi aangalie jina la eneo na ngazi yake, mwaka wa mavuno, jina la aliyejaza divai kwenye chupa, na, kwa DOCG, ukanda wenye namba shingoni. Maneno "imbottigliato all'origine" yanaonyesha kwamba divai ilitiwa ndani ya chupa pale ilipotengenezwa. Kisha alinganishe yote hayo na bei. Kama jina ni kubwa, mwaka haujatimia, ukanda haupo na muuzaji anaapa kwamba ni bahati ya siku, chupa ya Barbera iliyo kando yake, yenye kila kitu mahali pake, ni chaguo bora zaidi.